Ekspoze inaanzia barabarani

Ndugu wanakoperative, na zaidi ninyi animatere: kila mwezi tuko na shida ile ile. Mkutano unakaribia na hatujui tutasema nini. Basi tunachukua kitabu cha Kifaransa, tunakopia kurasa tatu kwenye karatasi kubwa, na siku ya mkutano tunasoma. Watu wanapiga makofi, wanakunywa sukari, wanaenda kwao. Juma linalofuata, shamba liko vilevile.

Mimi naona kosa liko mahali tunapotafuta kichwa cha ekspoze. Tunakitafuta ofisini. Lakini kiko kwa watu, tena mara nyingi kwa wale ambao hawafanani na sisi na hawajaandikwa katika koperative.

Nitatoa mfano wa wilti ya migomba. Mwaka 2001 ugonjwa huu ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, kisha ukafika kwetu Kivu ya Kusini. Kwa miaka mingi tulifundisha hivi: mgomba mmoja ukiugua, ng'oeni shina lote, pamoja na mizizi na machipukizi yake. Shauri hilo halikuwa uongo. Lakini ukipita mashambani unakuta migomba ya manjano imesimama tu. Tulikuwa tunasema, "Hawa watu ni wavivu." Na mimi nilisema hivyo.

Siku moja nilikuwa narudi Bukavu, na motari akapata panne ya gurudumu pale Mudaka. Nikakaa pembeni ya mama mmoja anayenunua bitoke vya kasiksi. Sikushika kalamu. Nilimuuliza tu kazi inaendaje. Akajibu: "Papa, bitoke biko bichache. Banatuambia tung'oe, lakini nani atang'oa? Bwana yangu iko anachimba zahabu Kamituga. Mimi na batoto, shina moja inatumalizia siku mbili. Na tukisha kung'oa, tutakula nini?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Tena siye banunuzi njo tunaingia mu shamba na mupanga yetu. Tunakata huku, tunaenda kukata kule. Hakuna muntu alisha kutuita mu mukutano."

Katika ile nusu saa nilipata vichwa viwili ambavyo kitabu changu hakikunipa. Cha kwanza: kazi ya kung'oa inaangukia mama aliye peke yake, na inamwondolea chakula. Cha pili: panga ya mnunuzi inatembea kutoka shamba hadi shamba, na utomvu wa mgomba mgonjwa unatembea pamoja nayo. Sisi tulikuwa tunafundisha wenye mashamba peke yao, na mnunuzi hakuwa mwanachama.

Watafiti nao, kwa majaribio ambayo mengine yalifanyika huku kwetu Kivu, waliona kwamba ugonjwa haufikii kila mara migomba yote ya shina moja. Ndiyo maana leo kuna njia nyepesi zaidi: ukiona mgomba umeanza kuugua, kata huo peke yake, chini kabisa kwenye udongo, mapema, kisha unguza panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Rudia kila unapouona mwingine mgonjwa. Na lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, livunje kwa mti wenye panda, bila panga, mara chane ya mwisho inapotokea, juu ya wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Kazi hii mama yule anaiweza, na shamba linaendelea kumlisha. Lakini jirani zake wote wasipoifanya, ugonjwa utarudi.

Ekspoze iliyofuata niliiita "Panga ya mnunuzi". Niliandika mistari sita tu. Tuliwaita wanunuzi, wakakaa mbele. Sikusema "kusterilize", nilisema "kuunguza panga", kama wanavyosema wenyewe. Mzee mmoja akatoa wazo: kila mwenye shamba awe na panga yake, na mnunuzi akate kwa hiyo. Tulibishana mpaka mvua ikatufukuza.

Wengine watasema: barabarani watu wanasema pia uongo. Ni kweli. Utasikia kwamba wilti ni sumu ya jirani mwenye wivu. Usiipeleke kwenye ekspoze kama kweli. Lakini sasa unajua swali linalowasumbua watu, na unajua utajibu nini. Kabla ya kufundisha, hakikisha kwa agronome wa teritware au kwa watu wa INERA Mulungu. Maongezi yanakupa swali. Jibu lazima lipimwe.

Basi kabla ya mkutano ujao, ongea na watu watano: mama anayeuza sokoni, motari anayebeba mazao, kijana aliyeacha jembe, mzee anayekumbuka mbegu za zamani, na mtu aliyetoka katika koperative yenu kwa hasira. Huyu wa mwisho usimwogope. Ongea Mashi au Kihavu kama ndiyo lugha yake. Usianze na daftari, watu wakiona kalamu wanakujibu kama projet. Sikiliza, andika ukifika nyumbani, na usitaje jina la mtu bila ruhusa yake.

Yule mama wa Mudaka alikuwa na habari hii miaka yote. Wakati ule mashamba mangapi yamepotea, huku sisi tukisoma karatasi zetu? Hakuna aliyemuuliza. Na mimi nilimuuliza paka juu ya gurudumu lilitoboka.