Mashini Haikufa: Tuchunguze Kwanza, Tushitaki Nyuma



Wote munaijua ordinatere ya zamani iliyo katika ofisi ya sekretari, ile yenye sanduku la chuma chini ya meza. Ndiyo inayoandika maswali ya mitihani, na ndiyo inayoandika gazeti letu hili kabla halijaenda ku stensili. Jumatatu moja ya muhula huu ilikataa kuwaka. Tulifinya kifungo mara kumi: kimya kabisa. Tukasema, "Mashini imekufa."

Hatukuuliza imekufa na nini. Sisi makapita tuliuliza tu: nani aliingia humo mwisho? Ilikuwa mtoto wa klasi ya kwanza aliyefagia ofisi Jumamosi. Tukaandika jina lake, naye akatumwa nyumbani kuleta mzazi. Siku tatu hakusoma. Mama yake, ambaye anauza makala sokoni, akafika na kuuliza deni ni kiasi gani. Na fundi mmoja wa mjini, bila hata kuja kuona, akasema kisanduku cha kuran ndani ya mashini kimeungua, tutafute dola 40.

Alhamisi mwenzetu mmoja wa finalisti aliinama nyuma ya sanduku. Kumbe kuna kifungo kidogo chenye alama mbili, I na O. Ku I kuran inapita, ku O inakatwa, na hapo kile kifungo cha mbele hakiwezi kitu, hata ukifinya mpaka kesho. Kilikuwa ku O. Akakigeuza, mashini ikaunguruma. Nani alikuwa amekizima? Ni sisi wenyewe! Jumamosi jioni, radi ilipoanza kupiga, kapita mmoja alikimbia kukizima ili kuilinda mashini. Alifanya vema. Lakini alisahau, nasi wote tukasahau pamoja naye.

Hatuandiki haya ili watu wacheke. Tunaandika juu ya desturi mbaya tuliyo nayo: kitu kikiharibika, tunatafuta mtu mbele ya kutafuta sababu. Na mtu tunayemupata kila mara ni mdogo, asiye na wa kumusemea.

Mawazo yetu ni haya: kuchunguza kuanze inje, kuende ndani, hatua kwa hatua. Kwanza prizi: ingiza taa au radio uone kama kuran iko. Halafu ralonji. Halafu waya wa mashini: usukume mpaka mwisho, ao ujaribu mwingine. Halafu kile kifungo cha nyuma. Halafu ekrani, maana iko na waya yake. Pengine sanduku linawaka na feni inazunguka, ni ekrani tu imezimwa. Kama bado, chomoa kila kitu, finya kifungo cha mbele kwa nusu dakika ili kuran iliyobaki itoke, kisha rudisha waya wa kuran na ujaribu. Haya yote hayaombi hata franga moja.

Hatua ya pili inaomba turnevisi na mtu anayejua. Waya wa kuran ukiwa umechomolewa, anafungua sanduku, anagusa chuma chake kwanza, anatoa vumbi kwa brashi laini, anachomoa kipande cha kumbukumbu, anasugua meno yake polepole kwa gome ya kufutia, na kukirudisha mpaka kikamate. Mashini nyingi za zamani zinalala kwa vumbi tu, si kwa ugonjwa.

Wengine watasema, "Mukiruhusu wanafunzi kugusa, watamaliza kuharibu." Neno hilo lina ukweli, hatulikatai. Kile kisanduku cha kuran chenyewe kisifunguliwe na mwanafunzi hata kidogo, kwani ndani yake kuran inaweza kubaki hata waya ukichomolewa, nayo inapiga. Tena nyuma ya mashini nyingi za zamani kuna kigeuzo cha 115 na 230. Kuran yetu ni ya volti 220. Ukikiweka ku 115 utaunguza kisanduku kweli. Kisiguswe. Lakini kuangalia kama waya umeingia ku prizi, hiyo si kazi ya fundi wa dola 40. Ni kazi ya mtu mwenye macho.

Basi tunaomba mambo mawili. La kwanza, karatasi yenye hatua hizi ibandikwe ukutani karibu na mashini, na anayezima kifungo cha nyuma aandike katika daftari siku na saa. La pili, mwanafunzi asitumwe nyumbani juu ya chombo kilichoharibika mpaka hatua hizi zimefuatwa mbele yake.

Yule mtoto tulimuomba musamaha mbele ya wote katika ibada ya asubuhi. Haitoshi. Masomo ya siku tatu hayarudi kwa musamaha. Kwa hiyo sisi finalisti tunamufundisha kila jioni mpaka amefikia wenzake. Jana alituuliza kama anaweza kufagia tena ofisi. Tulimujibu ndiyo, na tulimuonyesha kile kifungo.

Kapita wa shule, kwa jina la finalisti wote