Tatizo Si Mtaala, Ni Mlango wa Mwajiri

Nimechoka kusikia kwamba vijana wa Kenya tunatoka chuo bila ujuzi. Anayesema hivi huwa ni bosi wa kampuni fulani, kwenye kongamano fulani, na kabla chai ya saa nne haijapoa kila mtu amekubaliana naye: tubadilishe mtaala.

Si tumebadilisha? Mwaka wa 1985 ilikuja 8-4-4, ikiahidi kila mtoto useremala, ushonaji na kilimo. Karakana za kufundishia hayo wakaachiwa wazazi na harambee zao. 2017 ikaja CBC. Januari 2026 watoto wa Gredi ya 10 wameanza njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo, ati kila mmoja asomee kazi yake. Sawa. Kazi ipi? Nani amemwahidi?

Swali hilo bosi haulizwi. Tangazo lake la kazi ya kuanzia linadai uzoefu wa miaka mitatu. Anataka tuuokote wapi, Muthurwa? Sheria inamtaka alipe ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Hamsini, msee! Kwa kichwa kimoja, benki yenye faida ya mabilioni hulipa sawa na duka la misumari Ruiru.

Halafu kuna atachimenti. Kabla sijaacha chuo nilikaa miezi mitatu katika ofisi moja mjini. Nilipanga faili, nikatoa fotokopi, nikatumwa maziwa. Nauli ilitoka kwa mathe. Siku ya mwisho msimamizi alijaza daftari langu la mafunzo, wiki zote kumi na mbili, kwa mkao mmoja na kalamu moja. Mhadhiri akaja, akatia sahihi, akaondoka. Kwa makaratasi, nilifunzwa vizuri sana.

Sasa enda Grogan. Kijana yuko chini ya Probox tangu asubuhi, anashika spana isiyofaa, fundi anamfokea, anashika nyingine. Baada ya muda anafungua injini peke yake. Fundi anamfunza kwa sababu kesho atamtegemea, na hiyo ndiyo sababu ambayo ofisi yangu haikuwa nayo. Lakini mpeleke huyo kijana kwa bosi wa kongamano: hana cheti, basi hana ujuzi.

Kwa hivyo mtaala uachwe upumue. Abanwe mwajiri. Anayechukua mwanafunzi amlipe angalau nauli na chakula, aandike jina la mfanyakazi atakayemfunza, na akimgeuza tarishi asiletewe mwingine. Na hiyo hamsini ipande kulingana na faida ya kampuni.

Watasema tunataka kuwafukarisha. Kwa sasa anayelipia mafunzo ya wafanyakazi wao ni mathe, na yeye huuza sukuma Kayole.