Siku ya kupumua

Safu hii imeshazungumzia mfungo wa Ramadhani, na tangu hapo wenzetu Wakristo wamekuwa wakiuliza zamu yao itafika lini. Imefika. Mwezi huu tunazungumzia Sabato, na tunaanzia pale tunapoanzia kila mara, yaani kwenye maneno.

Ndani ya jina Jumamosi kuna "mosi", maana yake ya kwanza. Kwa watu wa pwani juma huanza upya baada ya Ijumaa, siku ya sala ya pamoja, kwa hiyo Jumamosi ni ya kwanza na Jumatano ni ya tano. Halafu inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Hivyo juma letu lina siku mbili za tano. Ukiifuata hesabu ya Alhamisi, siku ya saba ni Jumamosi, na jina lake la Kiarabu lina asili moja na neno Sabato. Wenzetu ambao wazazi wao wametoka Lubumbashi wanayo hesabu nyingine kabisa: kwao Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, na Jumamosi huitwa siku ya posho.

Kwa hiyo anayetaka kubishana kuhusu siku ya saba atapata shahidi wa kila upande ndani ya Kiswahili chenyewe. Wakristo wengi hukusanyika Jumapili kwa kukumbuka ufufuo wa Yesu, na mwaka 321 mfalme Konstantino wa Roma aliifanya kuwa siku ya mapumziko kwa sheria. Wasabato wanasema sheria ya mfalme haiwezi kuhamisha amri ya Mungu. Kanisa lao lilifika milima ya Upare mwaka 1903, na Gendia karibu na Ziwa Victoria mwaka 1906, ndiyo maana wanachama wetu wenye asili ya Kisii wana shangazi na wajomba wengi wanaopika chakula cha Jumamosi siku ya Ijumaa. Ugomvi wa siku hatutauamua hapa.

Kinachotushughulisha ni kwamba amri ya Sabato imeandikwa mara mbili, na sababu zake ni mbili tofauti. Katika Kutoka sura ya 20, watu wapumzike kwa sababu Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita akapumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, wapumzike kwa sababu walikuwa watumwa Misri. Sababu ya kwanza tuliifundishwa utotoni, tukaiimba na kuichora. Ya pili tumeigundua ukubwani, na kusema kweli ndiyo inayotugusa zaidi. Mtumwa hana siku yake. Waisraeli walipoomba ruhusa ya kwenda kumwabudu Mungu wao, Farao aliwaambia ni wavivu, akawanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali haikupungua hata moja.

Watu wa namna hiyo hawajui kupumzika, hata minyororo ikishakatika. Labda ndiyo sababu, kabla hata ya kufika Sinai na kupewa amri kumi, walipewa kwanza zoezi la mana. Siku ya sita waliokota sehemu mbili. Siku ya saba wengine walitoka hivyo hivyo na vyombo vyao, wakakuta hakuna kitu. Tunawaelewa sana. Kukaa nyumbani siku ambayo wengine wanaokota kunahitaji imani kwamba cha kesho kipo, na kwa mtu aliyewahi kulala njaa imani hiyo haiji kwa sababu tu ameambiwa aiwe nayo.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kupumzika kunatokana na pumzi. Na katika Kutoka sura ya 31, pale Mungu anapopumzika baada ya kuumba, Kiebrania kinatumia kitenzi cha asili moja na neno lao la nafsi, ambalo ni ndugu wa nafsi yetu hii tuliyoipata kwa Waarabu. Kutoka ukoo huo huo tumepata pia nafasi. Hebu fikirini ni mara ngapi tumewasikia wazazi wetu huku Uingereza wakisema kwenye simu, "Ndugu yangu, sina nafasi." Kumbe ni kusema sina mahali pa kuvuta pumzi.

Mmoja wetu ni Msabato na anafanya kazi ya zamu kwenye ghala. Kisii jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, kwa hiyo kila mtu anajua Sabato inaingia lini. Hapa London, mwezi wa Juni jua la Ijumaa linazama baada ya saa tatu usiku, na Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni, zamu ikiwa bado haijaisha. Aliomba kutoka mapema siku za Ijumaa. Msimamizi akamjibu kwamba hiyo dini yake inabadilisha saa kila wiki. Tulicheka aliposimulia, kisha tukanyamaza, maana anahitaji zile pesa kulipia chumba.

Upande wa Jumapili nao una yake. Mama zetu kadhaa wanafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee. Mzee hawezi kuacha kuhitaji kuoshwa na kulishwa eti ni siku ya Bwana. Yesu mwenyewe aliponya siku ya Sabato, na alipolaumiwa kwa kumponya mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, aliwauliza wakubwa wa sinagogi kama wao hawamfungui ng'ombe wao siku hiyo wakampeleka kunywa maji. Wengine kati yetu wanasema basi jibu ni hilo, kazi ya huruma ni halali. Wengine wanauliza: sawa, na mama naye atafunguliwa na nani? Sheria ya England inawapa wafanyakazi wengi wa maduka haki ya kukataa zamu ya Jumapili, lakini haki hiyo haiwafikii wanaotunza wazee.

Katika kikao chetu hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana. Ila tulisoma tena ile amri na kuona inazungumza na nani. Inazungumza na mwenye nyumba, ikimtajia mwanawe, binti yake, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni aliye malangoni mwake. Sabato yake haijakamilika kama kuna mtu anayefanya kazi ili yeye akae. Tukajiangalia: Jumapili baada ya ibada sisi vijana tunashika simu na kuagiza chakula, na anayekileta kwa baiskeli kwenye mvua mara nyingi ni mgeni kama baba zetu walivyokuwa. Nyumbani ni mama au dada ndiye anayepika pilau ya wageni wa baada ya kanisa, huku wanaume "wakipumzika" sebuleni.

Kikao cha Desemba kitakuwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limeshazama, ili wenzetu Wasabato nao wafike. Atakayeleta chakula kilichopikwa aje nacho tayari. Zamu ya kuosha vyombo safari hii ni ya wavulana, na majina yameshaandikwa.