Waraka kwa Walimu Wenzangu: Tusiyachome Madesa

Ndugu wanachama, walimu wa hisabati na sayansi,

Waraka huu unahusu hoja iliyobaki mezani kikao kilichopita, kwamba kila mmoja wetu apige marufuku shuleni kwake vitabu vya majibu. Nazungumzia yale madesa yenye maswali yaliyokokotolewa hatua kwa hatua, ambayo wanafunzi wanayanunua kwenye maduka ya steshenari na kuyatoa kopi juu ya kopi mpaka alama ya kujumlisha inafanana na ya kutoa. Hoja ilipigiwa makofi. Naandika kuipinga, ingawa hasira iliyoizaa naielewa.

Kila mmoja wetu imeshamkuta. Unatoa swali jepesi la mwendo: jiwe limerushwa wima juu kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, chukua g kuwa 10, tafuta kimo cha juu kabisa litakachofika. Jibu ni mita 20, hata kikokotoo hakihitajiki. Unakusanya madaftari, na daftari baada ya daftari linasema 20.4. Aliyeandika desa alitumia 9.8, darasa likamfuata bila kurudi kwenye swali kuangalia limesema nini. Hesabu zao ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba swali hawakulisoma. Walitafuta linalofanana nalo. Kwenye maabara ya kemia nako ni hivyo hivyo: kila kikundi kinaleta ujazo ule ule wa asidi mpaka desimali ya mwisho, pamoja na kile kikundi ambacho bureti yake ilikuwa inavuja tangu asubuhi.

Pamoja na hayo, jiulizeni marufuku itamuumiza nani. Mtoto wa shule yenye walimu wawili wa fizikia na maktaba hatahisi chochote. Atakayeumia ni yule wa shule ambayo mwalimu mmoja wa hisabati anabeba mikondo yote, na mtahiniwa wa kujitegemea anayerudia mtihani huku akiuza duka mchana. Kwa huyu wa pili desa ndiye mwalimu pekee aliyenaye. Linaweza kuwa mwalimu mbovu, tena lenye makosa ya uchapaji, lakini saa nne usiku hana mwingine wa kumuuliza. Na tusijidanganye kuhusu simu. Siku hizi ziko programu zinazopiga picha swali na kurudisha hatua zote kabla hujafunga kalamu. Ukilifungia desa kabatini, majibu yanapita mfukoni.

Kwa hiyo swali la kama wanafunzi watumie vitabu vya majibu limeshajijibu lenyewe: wanavitumia. Lililobaki mikononi mwetu ni wavifungue lini, na wakivifungua wafanye nini.

Nianze na kile ambacho kitabu cha majibu hakiwezi kumpa mtoto hata kikiandikwa na bingwa. Chukueni mfano mmoja wa kidato cha sita, intigrali ya sec x. Karibu kila desa linaanza kwa kuzidisha kiasi na asili kwa sec x + tan x. Mstari wa pili, kiasi kinageuka kuwa difrensho ya asili. Mstari wa tatu, jibu ni logi asilia ya sec x + tan x. Mistari mitatu tu, safi, hakuna wa kubisha. Mwanafunzi anakubali kila hatua, anaifunika karatasi, anajiona ameelewa. Muulize sasa: huyu mtu alijuaje kwamba azidishe kwa sec x + tan x na si kwa kitu kingine? Atakutazama kama umeuliza kwa nini Jumatatu inakuja baada ya Jumapili.

Jibu la swali hilo lina historia, na mimi nadhani tungewasimulia. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alichora ramani ya dunia ambayo baharia akishika uelekeo mmoja wa dira, njia yake inakuwa mstari mnyoofu. Ili hilo liwezekane, mistari ya latitudo lazima iachane zaidi na zaidi kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, na kipimo cha kuachana huko ni sekanti ya latitudo. Mwingereza Edward Wright alichapisha mwaka 1599 majedwali aliyoyapata kwa kujumlisha sekanti kidogo kidogo, nukta baada ya nukta. Kwa maneno yetu ya leo, alikuwa anatafuta intigrali ya sec x kwa mkono, kabla intigresheni haijawa somo. Kwenye miaka ya 1640 Henry Bond akagundua, kwa kulinganisha majedwali tu, kwamba namba za Wright zinaendana na za jedwali la logi za tanjenti. Hakuweza kueleza kwa nini. Uthibitisho ulitoka kwa James Gregory mwaka 1668, na muda mfupi baadaye, mwaka 1670, Isaac Barrow akautoa kwa njia nyepesi zaidi.

Ile mistari mitatu ya desa, basi, imesimama juu ya takriban miaka 70 ya watu wazima wenye akili kutoona njia. Anayezidisha kwa sec x + tan x tayari anajua jibu na anatembea kinyumenyume kutoka humo. Njia ya Barrow ni tofauti. Andika sec x kama 1 juu ya cos x. Zidisha juu na chini kwa cos x. Chini unapata cos² x, ambayo ni 1 − sin² x, na hiyo inagawanyika: (1 − sin x)(1 + sin x). Baada ya hapo unavunja sehemu hiyo katika sehemu mbili, kazi ambayo mtoto wa kidato cha sita ameshafundishwa. Kila kipande cha njia hii anacho mkononi. Akiachiwa nusu saa na karatasi chafu anaweza kuifikia mwenyewe, na asipoifikia atakuwa amejaribu vitu vitatu au vinne ambavyo vitamfaa kwenye swali jingine. Mwenda bure si mkaa bure.

Hicho ndicho kinachokosekana kwenye desa: ile hatua ya kuamua uanzie wapi, na njia zote alizozijaribu mwandishi zikamgomea kabla ya ile iliyochapishwa. Mtihani unapima hicho zaidi ya chochote, kwa sababu chumba cha mtihani kinampa mtoto swali na ukurasa mtupu. Mwanafunzi aliyesoma maswali 200 yaliyokokotolewa bila kuanza hata moja mwenyewe hajawahi kufanya zoezi analotahiniwa.

Upande wa pili nao una haki yake, na wale wenzetu wanaosema mtoto ahangaike mwenyewe toka mwanzo wamezidisha. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper, huko Australia, walichapisha majaribio yao ya aljebra. Wanafunzi waliopewa mifano iliyokwisha kukokotolewa waisome, kisha swali moja la kufanana nayo, walijifunza kwa muda mfupi zaidi na kukosea kidogo kuliko waliotupiwa maswali tupu, angalau kwenye maswali ya aina ile ile. Sababu waliyoitoa inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufundisha: mgeni wa mada anayesaka njia gizani anajaza kichwa chake na msako wenyewe, nafasi ya kuona muundo haibaki. Utafiti wa baadaye wa Slava Kalyuga na wenzake ukaonyesha upande wa pili, kwamba mifano ile ile inayombeba mgeni humrudisha nyuma aliyekwisha kuzoea. Mada ikiwa mpya, mpe mfano. Ikishazoeleka, mnyang'anye.

Naye Michelene Chi na wenzake, mwaka 1989, waliwaangalia wanafunzi wachache wakisoma mifano ya mekanika katika kitabu cha fizikia huku wakisema kwa sauti wanachofikiri. Waliokuja kufanya vizuri walisimama kila hatua na kujieleza: kani hii imetoka wapi, kwa nini hapa kuna alama ya kutoa. Wadhaifu walisoma mfano ule ule haraka haraka, na walipofika kwenye maswali walirudi kuusoma tena wakitafuta mstari wa kunakili. Kitabu kimoja, kurasa zile zile. Nikikumbuka lile jiwe la 20.4 naona ni jambo hilo hilo.

Sasa ninachowaomba.

Mada mpya ikianza, tusione haya kuwapa wanafunzi mifano kamili na kudai maelezo badala ya jibu. Mwite mmoja mbele, mwonyeshe hatua ya tatu ya desa lake mwenyewe, muulize kwa nini si kitu kingine. Mikondo ikiwa na watoto wengi chagua watano kwa bahati nasibu. Wengine wote watajiandaa kwa hofu ya kuitwa, hofu ambayo mimi sina ugomvi nayo. Mada ikikomaa, desa lifungwe mpaka kuna kitu kimeandikwa. Mtoto akikwama, aandike kwa sentensi moja amekwamia wapi: “sijui nitoe kosaini au saini”, “nina mlinganyo mmoja na visivyojulikana viwili”. Ndipo afungue, asome mpaka mstari unaojibu sentensi ile, afunge tena. Kesho yake alifanye swali zima upya kwenye karatasi tupu. Hapo kwenye karatasi ya kesho ndipo wengi wanagundua kwamba jana walikubaliana na kitabu tu.

Tuwafundishe pia kulishuku desa. Makosa ya madesa yetu ni zawadi, jamani. Jibu la kimo cha jiwe likitoka kwenye vipimo vya sekunde, lina kasoro, hata kama limepigwa chapa kwa wino mzuri. Mwanafunzi anayeweza kukaa na kopi ya steshenari na kusema “hapa mwandishi amesahau kugawa kwa mbili” amenifurahisha kuliko mwenye daftari lililojaa vema.

Kuna aina moja ya kitabu cha majibu ambayo tunaipuuza, nayo ni bure. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na nakala za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Hapo mtoto anaona mtu wa rika lake alipoteleza: alianza vizuri, akasahau kubadilisha sentimita kuwa mita, akaendelea mpaka mwisho kwa ujasiri wote. Mimi ningemweka mwanafunzi wangu mbele ya jibu bovu la namna hiyo na kalamu nyekundu kuliko mbele ya majibu kumi safi. Chapeni kurasa chache, mfiche maelezo ya mtahini, mwaulize kosa liko mstari gani.

La mwisho linatuhusu sisi, na najua halitapendwa. Ubao wetu nao ni desa. Tunaingia na karatasi imebanwa ndani ya andalio la somo, tunashusha mistari safi kutoka juu hadi chini, kengele inalia. Mtoto anaondoka akiamini hisabati humtoka mwalimu ikiwa imenyooka, na yeye anayefuta mara tatu ana kasoro ya kuzaliwa. Mara moja kwa wiki, chukua swali ambalo hujaliona, walilolileta wao, ulifanye mbele yao kwa mdomo na chaki. Ukikwama, kwama. Sema umejaribu nini na kwa nini unakiacha. Msaidizi wako kwenye kukwama atakuwa yule mtoto wa dawati la nyuma ambaye hujawahi kusikia sauti yake.

Kikao kijacho, badala ya kupiga kura ya marufuku, napendekeza kila mmoja aje na ukurasa mmoja wa desa linalozunguka shuleni kwake na swali moja ambalo desa hilo limelikokotoa vibaya au kwa mazingaombwe kama yale ya sec x. Tutayapitia pamoja, tutoe kopi, kila shule iondoke na seti moja ya kuwapa wanafunzi wazirekebishe. Wasio na mashine ya kopi waniletee mapema. Chai ni zamu ya wenzetu wa biolojia.

Wenu katika kazi,
Katibu