Presha ya Mtoto Haisomwi kwa Kipimo cha Mzee

Kibosho, kama kwingineko nchini, presha huhesabiwa kuwa maradhi ya wazee. Dhana hiyo inawagharimu watoto. Shinikizo la damu la mtoto hupanda kidogo kidogo kadiri anavyokua, kwa hiyo hakuna namba moja iliyo salama kwa watoto wote.

Mama aliyezoea kliniki anaielewa mantiki hii. Kilo 12 zaweza kuwa njema au za kutia wasiwasi, kutegemea umri. Ndiyo maana kadi ya mtoto huchorwa mstari wa ukuaji. Presha nayo husomwa kwa umri, jinsia na urefu. Kipimo cha 115/75 ni cha kawaida kwa kijana wa miaka 14. Kwa mtoto wa miaka 5 kiko juu, na kikijirudia katika siku tatu tofauti lazima chanzo kitafutwe. Kwa mdogo, mara nyingi chanzo ni figo, pengine zilizoumia baada ya maambukizi ya koo au vidonda vya ngozi. Kwa kijana, unene huchangia zaidi.

Kifaa nacho chaweza kudanganya. Mkanda wa mtu mzima ukifungwa kwenye mkono mwembamba wa mtoto hutoa namba ndogo kuliko ukweli. Zahanati yenye mkanda mmoja tu yaweza kumrudisha nyumbani mgonjwa ikiamini ni mzima.

Hapa ndipo suala linapokuwa la kisera. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe ada za matibabu watoto walio chini ya miaka 5, na kadi ya kliniki nayo hukoma katika umri huohuo. Mtoto anapoanza shule, mstari wake wa ukuaji unakatika na hakuna anayeuendeleza. Wakati huohuo, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unashauri presha ipimwe kila mwaka kuanzia miaka 3.

Watakuwapo wa kusema kwamba wauguzi wetu ni wachache mno. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihalalishi kukaa kimya. Tuanze na walio hatarini: wanene kupita kiasi, waliozaliwa njiti, wenye kuvimba uso au mkojo mwekundu. Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inunue mikanda ya saizi za watoto kwa kila zahanati na kubandika ukutani jedwali la viwango kwa umri. Wauguzi wanaofika shuleni kwa chanjo wapime pia uzito, urefu na presha, na wenye namba za juu wapewe rufaa Hospitali ya Kibosho au KCMC.

Mkanda mdogo ni nafuu mno ukilinganishwa na kusafisha damu ya mtu ambaye figo zake zimekufa. Serikali inayojua kumpima mtoto hadi miaka 5 haina sababu ya kumsahau akifika miaka 6.