Mama Yako Alitoka Ukoo Gani?

Mwulize mtu wa Mbinga ukoo wake, atakujibu papo hapo: Ndunguru, Kapinga, Komba, Mapunda, Hyera. Mwulize jina la baba wa babu yake, wengi watalipata. Lakini ukitaka kujua mama wa babu huyo alikuwa nani na alitoka ukoo gani, wengi hukwama. Toleo hili linahusu kazi ya kutafiti nasaba. Msimamo wetu ni kwamba kazi hii ni taaluma, mtafiti alipwe, na aanze kupimwa kwa akina mama aliowarudisha kwenye ukoo.

Kusahaulika kwao kuna sababu. Umatengo, yaani nchi ya Wamatengo wa Mbinga, habari za ukoo zilirithishwa kwenye sengu, wanaume walipokula pamoja, wakaamua mashauri na kuwaasa vijana. Ntambo, yaani mgongo wa mlima wa familia uliopakana na vijito, ulirithiwa kwa upande wa baba. Katika ngoro, kilimo cha mashimo mteremkoni, wanaume walifyeka na kupanga majani. Wanawake waliyafukia kwa udongo na kupanda mbegu. Jasho lao lililisha ukoo, lakini mgawo wa ardhi haukuhitaji majina yao.

Majina hayo yapo mahali pengine. Wamisionari Wakatoliki wa Kibenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, kisha wakafungua misheni za Kigonsera na Litembo, na kila misheni ilikuwa na kitabu cha ubatizo. Mstari mmoja wa kitabu hicho, kwa Kilatini, hutaja mtoto, baba, mama na msimamizi. Pembeni huongezwa ndoa: binti aliyebatizwa Litembo akiolewa Kigonsera, taarifa hurudishwa ilikoandikwa jina lake. Sengu ilimwacha alipoolewa. Kitabu kiliendelea kumfuata.

Ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa Waanglikana wa Liuli, njia ya utafiti huvuka ziwa. Hadi mwaka 1952 walikuwa chini ya dayosisi ya Nyasaland, ambayo kanisa kuu lake lilikuwa Likoma, kisiwa cha Malawi. Mtafiti wa familia za pwani hiyo hawezi kuishia mpakani.

Kazi hii haifai kuachiwa mjukuu mwenye simu na Jumapili moja ya mapumziko. Inataka mtu anayesoma mwandiko wa zamani, anayetambua kwamba Osmund wa kitabuni ndiye mzee anayejulikana kijijini kwa jina lingine, na anayerudi kwa bibi wa kijiji kuhakikisha. Inataka pia uadilifu. Anayelipa akitaka babu yake awe chifu na ushahidi ukakataa, aambiwe hivyo. Siri za walio hai zitunzwe, kama inavyotaka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Faida yake si fahari tu. Vijana wa Mbinga na Nyasa siku hizi hukutana Songea na Dar es Salaam, wakachumbiana. Wazee huuliza koo za baba zao, wakiridhika hutoa baraka. Undugu wa upande wa mama unapita bila kuulizwa, ingawa ni damu ileile.

Kwa hiyo tunaziomba parokia ziruhusu vitabu vya zamani visomwe chini ya uangalizi, na koo zinazochanga fedha za mikutano zitenge fungu la mtafiti. Nasaba inayotaja akina baba peke yao ni nusu ya nasaba, na nusu haitoshi kumwozesha mtu wala kumrithisha.