Umeme wa Kompyuta Mpakato Kwenye Soketi ya Uchunguzi wa Gari
Soketi ya uchunguzi wa gari, yaani lile tundu la pini 16 lililo chini ya usukani, ambalo Marekani ililifanya la lazima kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996, hubeba pamoja na data umeme wa betri kupitia pini ya 16, huku pini ya 4 ikiungana na bodi. Kompyuta mpakato inapounganishwa hapo ilhali chaja yake imechomekwa ukutani, bodi ya gari yaweza kuunganika na umeme wa jengo, na tofauti ya volti baina ya pande hizo, hasa betri ya gari nayo inapochajiwa, ikasukuma mkondo katika waya mwembamba wa data na kuunguza vifaa. Kwa hiyo ni salama zaidi kutumia betri ya kompyuta yenyewe, au kuweka kitenganishi, kifaa kinachopitisha data bila kuunganisha umeme wa pande mbili. Kuandika upya programu ya injini ni jambo zito zaidi, kwani umeme ukikatika katikati huenda gari lisiwake tena. Mafundi na wajaze kwanza betri ya kompyuta, na ile ya gari waisaidie kwa chaja yenye volti thabiti.